Kalamu ya Wino ya Mfukoni: Vidokezo 13 kutoka Baba Dogo

Mimi ni katibu wa chama chetu cha michango hapa Baba Dogo, Nairobi, na karibu kila mkutano hukosi mgeni wa kuuliza: "Katibu, hicho unachoandikia ni nini?" Ni kalamu ya wino. Ya nibu kabisa, yenye wino wa majimaji, ndugu ya zile walizokuwa nazo walimu wakuu wa zamani. Tofauti ni kwamba hii yangu ikifungwa inalala yote kiganjani, na ukifumba mkono kinachobaki kuonekana ni ncha tu ya kifuniko.

Nimekaa nayo miaka minne. Imenipa raha ya kuandika ambayo biro haijawahi kunipa, na imeniharibia shati jeupe nililolipenda. Nimejifunza kwamba udogo wake ndio uzuri wake na ndio kasoro yake. Huwezi kuchagua kimoja ukakwepa kingine. Kama unafikiria kununua moja, soma haya kwanza.

1. Hesabu unatoa kalamu mara ngapi kwa siku

Watu huanza kwa kuuliza bei. Anza na siku yako. Tangu asubuhi hadi jioni unaandika wapi, na umekaa au umesimama?

Mtaa wetu ni wa viwanda na makazi yaliyobanana, na sehemu kubwa ya maandishi yake hufanyika watu wakiwa wima. Karani wa lango anaandika namba ya lori. Wakala wa M-Pesa anaandika kwenye kaunta buku lake. Mama wa duka anaandika deni la unga na mafuta, kwa sababu mteja atalipa mwisho wa wiki. Fundi anaandika vipimo vya dirisha kwenye kipande cha katoni. Mimi naandika nani ametoa mchango na nani ameomba wiki moja zaidi. Yote hayo ni mistari miwili, mitatu, kisha kalamu inarudi mfukoni. Kalamu fupi ya wino ilizaliwa kwa maisha ya namna hiyo: vijipande vingi, mahali pengi.

Lakini kama wewe ni mwanafunzi wa chuo unayejaza kurasa nane kwa kikao kimoja, au mwandishi anayekaa mezani saa nne mfululizo, tafuta kalamu ndefu. Fupi itakuchosha vidole na itakuishia wino katikati ya wazo.

2. Ipime mara mbili

Kalamu ya mfukoni ina urefu wa aina mbili, na muuzaji atakuonyesha mmoja tu. Kaweco Sport ya Ujerumani, ambayo ndiyo inayojulikana zaidi katika jamii hii, ikifungwa ni sentimita 10.5 hivi. Ukiifungua na kukichomeka kifuniko nyuma yake, inafika sentimita 13 na kidogo. Biro ya kawaida ya BIC ni kama 15. Kwa hiyo ujanja wote uko kwenye kifuniko: kinafunika karibu nusu ya kalamu inapolala, kisha kinakuwa mkia wake inapoamka.

Sasa fanya jaribio dukani. Shika bila kifuniko kwanza. Kama kiganja chako ni kipana, mwisho wa kalamu utachoma ile nyama kati ya kidole gumba na cha shahada. Kisha chomeka kifuniko nyuma, uandike jina lako na la mtaa wako mara tano. Mkono ukitulia, endelea na mazungumzo ya bei. Ukiona unaibana kama mtu anayeshika samaki mbichi, irudishe. Mikono haifanani, na hakuna mapenzi ya kalamu yanayoshinda maumivu ya vidole.

3. Kifuniko cha hesi ni salama, ila kinataka mikono miwili

Kalamu nyingi za aina hii hufungwa kwa kuzungushwa, kama chupa ya soda. Hilo ni jema. Kifuniko cha kubana tu kinaweza kuchomoka ukiwa umebanwa kwenye matatu ya Lucky Summer saa kumi na mbili jioni, na wino hautakuuliza kama nguo ni mpya.

Upande wa pili ni huu: hesi inataka mkono mmoja ushike na mwingine uzungushe. Umeshika chuma cha juu kwa mkono wa kulia, simu iko sikioni kwa mkono wa kushoto, mtu anakutajia namba ya kuandika. Kalamu hii haitakusaidia hapo. Mwambie atume ujumbe.

Kuna nyingine zina klipu na nyingine hazina. Ongeza klipu hata kama inauzwa kando. Bila klipu kalamu fupi inageuka mfukoni, inalala kichwa chini, na ikidondoka kwenye barabara ya changarawe inabingirika hadi mtaroni.

4. Ijue hesabu ya wino

Hapa ndipo ufupi unapodai gharama yake. Kalamu hizi nyingi hutumia katriji fupi ya vipimo vya kimataifa, kimirija cha plastiki kinachobeba mililita 0.8 hivi. Ni kidogo. Kwa mwandiko wangu na kazi zangu, katriji moja hunifikisha wiki moja na siku kadhaa. Wiki ya mkutano mkuu wa chama, hata siku tano haifiki. Kile kifaa cha kuvuta wino kutoka chupani ambacho kalamu ndefu hukitumia mara nyingi hakiingii, kwa kuwa kiwiliwili ni kifupi. Vipo vidogo vilivyotengenezwa maalumu, lakini vinabeba wino mchache kuliko katriji yenyewe.

Suluhisho lipo kwenye duka lolote la dawa. Nunua bomba la sindano, sindano yake ikatwe ncha ile kali au iwe butu, uvute wino kutoka chupani na kuujaza kwenye katriji ileile iliyokwisha. Katriji moja inaweza kujazwa hivyo mara nyingi kabla ya mdomo wake kulegea. Chupa moja ya wino wa mililita 50 na zaidi itakutosha mwaka na zaidi. Mimi hujaza Jumapili jioni, meza ikiwa na gazeti la zamani juu yake na watoto wakiwa mbali.

Kuna watu wanaojaza kiwiliwili kizima wino, bila katriji, hesi ikapakwa grisi ya silikoni isivuje. Inabeba wino mwingi kweli. Lakini siishauri kwa anayetembea. Hewa iliyo juu ya wino ule inapashwa joto na mkono wako, inatanuka, na kusukuma tone zima karatasini pale unapoandika jina la mtu muhimu.

Jambo moja la lazima: uliza kama katriji ni ya vipimo vya kimataifa. Parker na Pilot wana katriji za umbo lao wenyewe, na ukinunua isiyolingana utaisukuma mpaka uvunje kitu.

5. Chukua nibu nyembamba, kwa sababu ya karatasi zetu

Nibu huja kwa unene tofauti, na kwenye nyingi utaona herufi: EF ni nyembamba sana, F nyembamba, M ya kati, B nene. Picha za matangazo huonyesha M na B kwa kuwa mstari wake unang'aa. Usishawishike.

Daftari la shule la kawaida, fulskepu ya kununua moja moja, kaunta buku la bei nafuu: karatasi hizi zinakunywa. Wino ukigusa, unatambaa pembeni kama mizizi, na herufi *a* inajaa tumbo ikawa doa. Ukiwa na nibu nene utaona pia kivuli cha maandishi upande wa pili wa ukurasa, na hapo umepoteza nusu ya daftari. Nibu nyembamba inatoa wino mchache, unakauka haraka, na herufi zinabaki na macho yake.

Kabla ya kununua daftari, chora mstari mmoja kwenye ukurasa wa mwisho, mwenye duka akiruhusu. Hesabu hadi kumi. Ukitazama ukaona kingo zimebaki safi, nunua mawili, kwa sababu shehena ijayo inaweza kuwa ya karatasi tofauti ndani ya jalada lilelile. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja.

6. Acha kukandamiza

Biro imetulea vibaya. Wino wake ni mzito kama grisi, na lazima uusukume ili kile kigololi kizunguke. Sisi tuliosoma kwa biro tangu darasa la nne tuna mkono unaochimba: geuza ukurasa wa daftari la zamani upapase, utasikia matuta.

Kalamu ya wino haitaki nguvu. Nibu ikigusa karatasi, wino unashuka wenyewe kupitia ule mpasuko mwembamba, kama maji yanavyopanda kwenye utambi. Kazi yako ni kuiongoza tu. Iinamishe kidogo, kama nyuzi 45 au 50, uso wa nibu ukitazama juu, uiache itembee. Wiki ya kwanza utajikuta unakandamiza; wiki ya tatu mkono umeelewa.

Hii ndiyo sababu kubwa ya mimi kubaki nayo. Zamani, baada ya kuandika kumbukumbu za mkutano wa saa mbili, kidole changu cha kati kilikuwa na shimo na kifundo cha mkono kikiuma hadi usiku. Sasa naandika kumbukumbu zilezile, na mkono unarudi nyumbani ukiwa mkono. Mwanachama mmoja mwenye umri wa mama yangu, vidole vyake vimekakamaa kwa miaka ya kufua nguo za watu, alinishika siku moja baada ya mkutano: "Hebu mwanangu, niandike jina langu na hiyo." Aliliandika lote bila kusimama. Akalitazama. Akaliandika tena chini yake. Ukurasa ule bado umo kwenye daftari la chama.

7. Usiache biro nyumbani, kwa sababu ya kaboni

Kitabu cha risiti kina nakala mbili au tatu, na karatasi ya kaboni katikati. Hati za kupokelea mizigo kwenye malango ya viwanda vyetu ni vivyo hivyo: ya juu ya dereva, ya kati ya ghala, ya chini ya ofisi. Ili maandishi yafike chini lazima ukandamize. Ukikandamiza nibu, meno yake mawili yanaachana, na yakishaachana sana hayarudi. Nibu imekufa.

Kwa hiyo biro iwe nayo mfukoni, bila aibu. Ni kitu cha kazi, na ni cha kwetu: biro za BIC zimetengenezwa Nairobi kwa miongo mingi, kwanza na Haco, kisha na BIC wenyewe waliponunua shughuli hiyo mwishoni mwa 2018. Ya shilingi 20 au 30 itafanya kazi ambayo kalamu ya maelfu haiwezi.

8. Ukitoka Mombasa, njoo nayo imejaa au tupu

Hiki ndicho kidokezo nilichokilipia shati.

Nilikwenda Mombasa kwenye mazishi, kalamu ikiwa mfukoni na wino nusu katriji. Kushuka hakukuwa na shida. Wakati wa kurudi nilipanda basi la usiku, nikalala, na asubuhi nilipofungua kifuniko kuandika kitu wino ulimwagika wote: vidoleni, kwenye mkono wa shati, kwenye goti. Nililaumu kalamu. Nilikosea.

Mombasa iko usawa wa bahari. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu yake. Kadiri unavyopanda, hewa ya nje inapungua uzito wake, na ukifika huku shinikizo limepungua karibu moja ya tano. Ile hewa uliyoifungia Mombasa ndani ya katriji bado inasukuma kwa nguvu za Mombasa. Inatanuka, na njia ya kutoka ni moja tu: kupitia kwenye nibu, ikitanguliza wino. Katriji ikiwa nusu, kuna hewa nyingi ya kutanuka. Ikiwa imejaa pomoni, hewa ni kiduchu na hakuna la maana litakalotokea. Ikiwa tupu, hakuna cha kumwaga.

Basi, kabla ya kupanda gari au treni kutoka pwani, weka katriji mpya au toa ya zamani kabisa. Safiri na kalamu ikiwa imesimama, nibu juu, ili kinachotafuta njia kiwe hewa badala ya wino. Ukifika, ifungue taratibu juu ya tishu.

Wanaosafiri kwa ndege watashangaa: kutoka Nairobi hatari ni ndogo kuliko kutoka Mombasa. Ndani ya ndege, hewa kwa kawaida huwekwa sawa na ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Uwanja wa Jomo Kenyatta tayari uko mita 1,600 na zaidi, kwa hiyo tofauti si kubwa. Anayepanda ndege Mombasa anaruka ngazi zote hizo kwa muda mfupi.

Katika jambo hili, kalamu ndogo inashinda kubwa. Tumbo lake ni dogo, hewa yake ni ndogo, na hata ikivuja, inavuja kidogo.

9. Mfuko wa shati, si wa suruali

Mfuko wa suruali una joto la paja, unakunjwa ukikaa, na una funguo. Joto linatanua hewa kama mlima unavyofanya. Funguo zinakwaruza. Na ukichuchumaa kuokota kitu, plastiki nyembamba inaweza kupasuka kwenye hesi.

Mfuko wa shati au wa dastikoti ndio wake, nibu ikitazama juu. Kwa dada na mama wanaobeba mkoba, itie kwenye kimfuko cha pembeni kilichosimama, isiachwe kuelea kati ya chaja na chupa ya maji. Katika mitaa yetu kuna faida nyingine ya udogo: haionekani. Kalamu ndefu inayong'aa kifuani humvutia mtu wa vidole vyepesi kule mjini. Hii yangu imeshapita foleni zote za katikati ya jiji na bado ninayo.

10. Usiazimishe, andika kwa niaba

"Nisaidie kalamu" ni maneno ya kila siku kwenye kaunta yoyote Nairobi, na kukataa ni utovu wa adabu. Lakini anayekuazima ana mkono wa biro. Ataikandamiza, ataigeuza nibu iangalie chini, na wino usipotoka atakandamiza zaidi.

Mpe biro yako ya kidokezo cha saba. Kama huna, sema kwa upole: "Nitajie, nikuandikie." Hakuna aliyewahi kunikasirikia kwa hilo, na wazee hulipenda. Lakini sahihi ni lazima mtu aitie mwenyewe. Hapo shika daftari, mwonyeshe upande wa nibu, na umwambie asisukume.

11. Vumbi ni adui wa kila siku, maji ndiyo dawa

Malori ya viwandani na barabara kavu huleta vumbi jembamba linaloingia hadi kwenye sukari. Nibu iliyoachwa wazi dakika tano inapata vumbi na kukauka pamoja. Ifunge kila unapotua, hata kama unamsikiliza mtu kwa nusu dakika tu.

Mara moja kwa mwezi, au kila ukibadilisha rangi ya wino, ioshe. Siku za mgao wa maji usihofu: glasi moja ya maji ya kawaida inatosha. Chomoa katriji, ingiza sehemu ya nibu kwenye maji, iache usiku kucha. Asubuhi tumia lile bomba la sindano kusukuma maji safi ndani yake mpaka yatoke meupe. Kausha kwa kitambaa, nibu ikitazama chini. Usitumie maji moto, yanapinda plastiki. Usitumie spiriti wala petroli, hata kama fundi wa simu jirani anaapa kwayo.

Kama utaiweka bila kuitumia zaidi ya wiki mbili, toa wino na uioshe kabisa. Kalamu ndogo hukauka haraka kwa sababu wino wake ni mchache tangu mwanzo.

12. Chagua wino kwa kazi, na uogope maji

Wino wa kalamu hizi, ule wa kawaida wa bluu, ni wa maji, na maji huuondoa. Hiyo ni heri nguoni. Suuza doa papo hapo kwa maji baridi, bonyeza kwa kitambaa, usisugue, sabuni baadaye. Quink ya Parker, ambayo imekuwepo tangu 1931 na ambayo wengi wetu tuliiona kwenye meza za ofisi za serikali, ina bluu ya kufulika na ina rangi nyingine zinazodumu. Soma lebo.

Karatasini, heri hiyo inageuka balaa. Tone la mvua kwenye ukurasa wa michango na jina la mtu linakuwa wingu. Hundi, mkataba wa nyumba, fomu ya chifu, barua ya kesi: andika kwa biro au kwa wino usiofutika kwa maji. Wino wa kudumu wa kalamu za nibu upo, lakini ukikaukia ndani unaziba njia, kwa hiyo anayeutumia aoshe kila wiki. Mimi kumbukumbu za mkutano naziandika kwa wino wa bluu-nyeusi unaodumu. Barua kwa mama yangu naziandika kwa bluu ya kawaida, kwa kuwa anaipenda.

Anayeandika kwa mkono wa kushoto asikate tamaa. Kiganja chake hupita juu ya wino mbichi, kwa hiyo achukue EF na karatasi inayokunywa kidogo. Hapa daftari la bei nafuu linageuka rafiki, maana wino hukauka upesi.

13. Kuhusu pesa, na unachonunua kweli

Kalamu ya mfukoni ya Kijerumani ya plastiki itakutoa maelfu ya shilingi, na mara nyingi utaiagiza au utamwomba mtu anayesafiri akuletee. Za aluminiamu ni nzito na ghali zaidi, na za shaba ni nzito mno kwa mfuko wa shati jepesi. Mfuko unainama kama umebeba jiwe. Ya plastiki ina gramu 10 hivi. Chukua hiyo. Zipo za Kichina za bei ya chini zinazofanana nayo, na baadhi zinaandika vizuri kweli. Ila jaribu kila moja kwa mkono wako, kwa sababu mbili kutoka sanduku moja zinaweza kuwa dada wasiojuana.

Usilipie jina, lakini ujue umbo hili limetoka wapi. Kiwanda cha Heidelberg kilichozaa Kaweco kilianza 1883, mwaka mmoja kabla Waterman hajapata hataza yake ya kalamu ya wino Marekani, na kalamu za Sport zilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1910, zikitangazwa kwa wanamichezo, akina mama na maofisa wa jeshi: watu wa kusonga. Baadaye, miaka ya 1960 na 1970, Wajapani wa Pilot, Sailor na Platinum walijaza mifuko ya mashati ya makarani wao kwa kalamu fupi zenye vifuniko virefu. Ni wazo lilelile, la mtu ambaye ofisi yake haina meza.

Na sisi tulikuwa na letu. Neno *kalamu* limetufikia kwa Kiarabu, na nyuma yake kuna Kigiriki, na kule mwanzo lilikuwa na maana ya mwanzi. Wanakili wa Siyu, kisiwani Pate, ambao misahafu yao ya karne ya 18 na 19 bado inahifadhiwa, walichonga mwanzi na kuuchovya katika kidau cha wino. Wino wao ulikuwa wa majimaji, ukitiririka kwenye mpasuko, kama huu wangu. Nikimweleza hivyo yule mama wa vidole vilivyokakamaa, huitika kwa kichwa na kuuliza lini nitaleta ile kalamu tena. Mkutano ni Jumapili ya pili. Nitaijaza usiku wa kuamkia siku hiyo, na nitabeba ukurasa mtupu kwa ajili yake.